Bendera na Watu Kumi na Mmoja

Konstebo Bramwel alipandisha bendera ya ofisi ya chifu wa Mvumoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akapiga saluti, akaifunga kamba kwenye chuma cha mlingoti kwa mafundo mawili. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa Aprili na upepo wa kusi ulikuwa umeshaanza. Leso zilizoanikwa nyuma ya nyumba ya mwalimu mkuu zilikuwa zikichapana, na makuti ya paa la ofisi yalikuwa yakiinuka na kulala. Bendera haikutikisika. Ilining'inia kama taulo iliyotoka kukamuliwa, na ndivyo ilivyokuwa tangu iletwe mpya wiki mbili nyuma, ikiwa bado na alama za mikunjo ya bahasha.

Kulthum binti Famau akatokeza kwenye kona ya msikiti na sinia ya mahamri kichwani. Alikuwa mjane wa miaka arubaini na tisa, na kila asubuhi aliwapelekea kifungua kinywa watu wa ofisi na walimu wa skuli. Alipofika sawa na mlingoti, bendera ilifunguka. Ilinyooka upana wake wote, nyeusi, nyekundu na kijani, ngao katikati, ikaanza kupepea kwa kishindo. Kulthum akasimama, kwa sababu skuli alifunzwa kuwa bendera ikipanda mtu husimama, na hakuwa na hakika kama hii ilihesabiwa kuwa imepanda. Alisimama mpaka shingo ikamuuma. Alipoona haina nia ya kutulia akaendelea na safari yake, na alipofika mlangoni pa skuli bendera ikalala tena.

Bramwel aliingia ndani, akafungua kitabu cha matukio, akaandika: "Saa moja kasoro robo. Bendera imepepea dakika nne. Hali ya hewa: upepo upo tangu jana. Sababu: mama wa mahamri." Kisha akatoka kwenda kununua mahamri manne.

Alikuwa mtu wa Magharibi, mwenye mwandiko mzuri, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amepandisha bendera katika kaunti nne. Hakupenda jambo litokee bila kuandikwa. Basi alitenga ukurasa mmoja, na kila aliyepita mbele ya mlingoti alimtazama, akaitazama bendera. Haikufunguka kwa mwalimu mkuu. Haikufunguka kwa Chifu Kamaludin, ingawa alipita mara nane kwa siku, mara nyingine na kofia yake ya kazi, mara nyingine bila. Ilifunguka kwa Wazir, muadhini. Ilifunguka kwa Dawud mchimba visima, ikapepea muda wote aliokuwa akinoa sururu yake kwenye kivuli cha ukuta. Ilifunguka kwa Husni na Nasreen, mapacha waliokuwa wakishona vikapu. Mwezi ulipokwisha, ukurasa ulikuwa na majina kumi na moja, na jina la kumi na moja lilikuwa la Lubna, binti yake Kulthum, aliyekuwa na miaka kumi na tisa.

Bramwel mwenyewe alijaribu siku ya Jumapili, ofisi ikiwa imefungwa. Alipita chini ya mlingoti akienda, akapita akirudi, akasimama. Haikufanya kitu. Hakumwambia mtu, lakini Jumatatu alimwuliza Kulthum, huku akihesabu mahamri yake, yeye na Wazir na Dawud wana uhusiano gani.

Kulthum hakuhitaji kufikiri. "Hatuna vitambulisho," alisema.

Habari yenyewe ilikuwa fupi, na Kulthum aliisimulia kama mtu anayeeleza mahali pa kisima. Baba yake, Famau, alizaliwa katika kijiji kilichokuwa mbele ya Mkokoni, upande wa Kiunga, ambacho siku hizi hakipo. Wakati wa vita vya shifta kilichomwa, na karatasi zote zilizokuwemo zikaungua pamoja na nyumba. Watu walihama kwa miguu mpaka Mvumoni. Famau hakupata karatasi nyingine mpaka alipokufa. Kulthum alizaliwa Mvumoni, juu ya kitanda ambacho bado anakilalia. Ameomba kitambulisho mara nne. Kila mara hukaa mbele ya meza ya kamati ya uhakiki, huulizwa jina la baba ya babu yake, huulizwa kisima cha kijiji cha zamani kilikuwa upande gani wa msikiti, na hujibu. Kila mara hupewa karatasi ya kungojea. Zipo nne, zimehifadhiwa ndani ya mkebe wa biskuti.

"Chifu hakujui?" aliuliza Bramwel.

Chifu alimjua kuliko mtu yeyote. Mama yake Kulthum alikufa siku ya tatu baada ya kumzaa, na Bi Mwanamkisi, mama yake Kamaludin, aliyekuwa na mwanawe mchanga, akamchukua Kulthum akamwekea titi la pili. Wakanyonya pamoja miaka miwili. Kwa sheria ya dini walikuwa ndugu. Kamaludin aliingia jikoni kwa Kulthum bila kupiga hodi, na Kulthum hakujifunika mbele yake. Kwenye kamati ya uhakiki, Kamaludin alikaa kiti cha kwanza kwa sababu ya cheo chake, na mara zote nne alisema kuwa anamjua. Na mara zote nne afisa wa usajili alimwuliza anamjua kwa hati gani. Maziwa hayakuwa na nambari.

Kwa Kulthum mambo haya yalikuwa yamekwisha kuwa kama maumivu ya mgongo, kitu cha kuishi nacho. Yasingemwamsha tena lau si barua ya Lubna. Binti huyu alikuwa amefaulu mtihani wa kidato cha nne kuliko wote wa tarafa, akapata nafasi katika chuo cha uuguzi Mombasa. Barua ilisema aripoti kabla ya saa kumi jioni ya tarehe tisa Septemba, akiwa na kitambulisho chake halisi. Zahanati ya Mvumoni ilikuwa na jengo, na kitanda, na mizani ya watoto, lakini haikuwa na muuguzi tangu yule wa mwisho alipoomba uhamisho, na wanawake walipozidiwa walivushwa kwa mashua. Lubna alikwisha kuwavusha wawili akiwashika mkono. Mmoja alifika. Hakupenda kumzungumza yule wa pili. Barua ile aliisoma mara moja, akaikunja, akaiweka ndani ya msahafu.

Ili Lubna apate kitambulisho, ilihitajika nambari ya kitambulisho cha mzazi wake, na baba yake naye alikuwa amekufa bila kuwa nacho.

Kamati ya uhakiki ilikuja mwezi wa Mei. Afisa wa usajili, Bwana Jabez, alishuka kwenye mashua na mashine ya alama za vidole, chupa ya chai na mwavuli. Bramwel alimngoja apumzike, akampelekea ule ukurasa. Jabez aliusoma wote. Akatoka, akasimama kwenye baraza, akaomba hao watu wapite mmoja mmoja. Wakapita. Bendera ikafunguka mara kumi na moja na kulala mara kumi na moja. Kisha Jabez akamwomba mwalimu mkuu apite, na karani, na watoto wa skuli waliokuwa wakichungulia. Haikusogea.

"Nimeiona," alisema Jabez. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefanya kazi hiyo muda mrefu na miguu yake ilivimba kwa safari za mashua. "Sina shaka nayo. Lakini fomu ina nafasi ya nambari ya mzazi, na nafasi ya cheti cha kuzaliwa, na nafasi ya kadi ya kliniki. Niandike bendera wapi?"

Bramwel alisema nyuma ya fomu kuna nafasi tupu.

"Nyuma ni kwa matumizi ya ofisi."

Lubna aliitwa. Alikaa mbele ya watu watano, akataja jina lake na la baba yake, na la babu, na babu wa babu, mpaka wakamwambia inatosha. Akaulizwa samaki fulani huitwaje kwa lugha ya kwao, akataja. Akaulizwa kama ana jamaa upande wa pili wa mpaka. Akasema anao, kama walivyo nao wote waliokuwa mezani, na mmoja wao akakohoa. Jabez akaandika kuwa mwombaji alete ushahidi zaidi.

"Ushahidi upi?" aliuliza Lubna.

"Zaidi ya huu," alisema Jabez kwa upole, akamwita mwingine.

Usiku uleule Bramwel aliandika barua kwa makao makuu Nairobi, akaambatisha nakala ya ukurasa wake, na kesho yake akaituma kwa mashua ya kwanza.

Wiki hiyo pia ndipo zilipokuja habari kuwa Sikukuu ya Madaraka ya mwaka huo tarafa yote ingesherehekea Mvumoni, na kwamba kungekuwa na mgeni rasmi. Uwanja wa ofisi ukafagiliwa, mawe yakapakwa chokaa, na seng'enge ikakazwa upya. Siku ya mazoezi watoto waliimba wimbo wa taifa mbele ya mlingoti, na upepo ukawa unawapeperushia sare usoni, na bendera ikaning'inia vilevile. Afisa wa usalama aliyekuja kukagua alimwuliza Kamaludin ina kasoro gani. Kamaludin akasema haina kasoro, ila ina watu wake.

Jioni aliingia jikoni kwa Kulthum, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi kama alivyokuwa akikaa tangu mtoto. Alizungumza mambo ya mvua, kisha akayasema yaliyomleta. Alitaka Kulthum na wenziwe wasimame karibu na mlingoti siku ya sherehe.

Kulthum aliendelea kukanda unga. Alimwambia kuwa mara nne amekaa mbele ya meza yao na hakuna aliyemwona, na sasa wamwona kwa sababu ya kitambaa.

"Kakangu, mara hii sitaki neno," alisema. "Mtoto ana barua. Siku ni tarehe tisa. Nipa karatasi."

Kamaludin alisema karatasi haimo mkononi mwake. Lililomo mkononi mwake ni kula kiapo mbele ya hakimu kuwa Kulthum ni mzaliwa wa hapa, akaweka sahihi na muhuri, na kulifuata faili hilo yeye mwenyewe, ofisi kwa ofisi, mpaka Nairobi. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo, kwa sababu chifu anayekula kiapo kwa mtu mmoja huulizwa kwa nini, na mwengine aliyewahi kufanya hivyo alihamishwa.

"Utaliandama?"

"Nitaliandama. Kwa maziwa ya mamangu."

Kulthum aliufunika unga kwa sahani. Kisha akajifuta unga, akavaa buibui, akaenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wale wengine kumi wavae nguo zao za Idi.

Asubuhi ya Madaraka walifika mapema, wamejifukiza udi, Wazir na kanzu iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Lango lilikuwa na askari wageni, na amri ilikuwa kwamba hakuna anayeingia bila kitambulisho. Bramwel alikuwa amewekwa hapo kuwasaidia kusoma majina. Alieleza kuwa hawa ndio wa bendera. Mkubwa wa wale askari akasema amearifiwa habari za bendera na hana tatizo nazo, ila hawa hawana vitambulisho. Akaitwa Kamaludin. Akaja mbio, na medali kifuani, akazungumza kwa sauti ya chini, akatazama saa, akatazama mlingoti, akapata njia.

Walipelekwa nyuma ya uwanja, nje ya seng'enge, mahali palipokuwa karibu na mlingoti kuliko hata viti vya wageni. Palikuwa kati ya seng'enge na vyoo vya skuli. Hapakuwa na kivuli. Walisimama mstari mmoja, watu kumi na mmoja na nguo zao za Idi, na bendera ikafunguka.

Ilipepea kwa muda wa saa tatu bila kupumzika. Walioketi ndani walisema baadaye kuwa ilikuwa kubwa kuliko kipimo chake, na kwamba kivuli chake kilifika mpaka meza ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi alihutubia muda mrefu. Kumi na mmoja hawa hawakusikia, kwa sababu vipaza sauti vilielekezwa upande wa pili, na bendera yenyewe ilikuwa ikipiga kelele juu ya vichwa vyao. Dawud alimwuliza mtu wa ndani, kupitia seng'enge, kunasemwa nini. Yule akamwambia mgeni anasema bendera hii ni ya kila mmoja wetu. Dawud akawaambia wenziwe, na Nasreen akauliza kama amesema lini watakaa.

Hawakukaa. Bi mmoja katika wale kumi na mmoja alizimia, wakamshikilia wima baina yao, kwa sababu kila alipoinama bendera ililegea na Kamaludin akageuka kuwatazama. Lubna alimmwagia maji ya kunywa kichwani. Sherehe ilipokwisha mgeni rasmi alimpa Kamaludin mkono, akasema hata Nairobi hajaona bendera inayopepea namna hiyo. Pilau haikufika nyuma ya seng'enge.

Kamaludin alikula kiapo. Hilo alilifanya, wiki ileile, kwa hakimu, na sahihi na muhuri. Faili likatoka Mvumoni likiwa kamili. Mwezi wa Juni Kulthum alipomwuliza, alisema limefika kaunti. Julai alisema limeondoka kaunti. Kila Ijumaa baada ya swala Kulthum aliuliza, na kila Ijumaa jibu lilikuwa kuwa liko ndiani. Lubna aliacha kuuliza. Alikuwa akienda zahanati kila asubuhi, akiwapima watoto kwenye ile mizani na kuandika uzito wao kwenye daftari lake mwenyewe, kwa sababu la serikali lilitaka jina na nambari ya anayepima.

Mwisho wa Julai lilikuja jibu la barua ya Bramwel. Lilikuwa na ukurasa mmoja. Lilimshukuru kwa bidii yake. Lilimkumbusha kuwa bendera ya taifa haipaswi kugusa ardhi, wala kuachwa nje baada ya jua kuchwa, wala kutumika kwa shughuli zisizo rasmi, ikiwemo utambuzi wa watu. Kuhusu wahusika kumi na mmoja, barua ilisema suala lao litashughulikiwa, na ili kuwezesha jambo hilo ofisi ya Mvumoni inaombwa kutuma nambari zao za vitambulisho.

Bramwel aliisoma mara mbili, akaitia faili, akaitoa tena. Kisha akaenda kumsomea Kulthum. Hakutaka aisikie kwa mwengine.

Tangu siku hiyo Kulthum akabadili njia. Alipita ufukweni, mchangani, akazunguka nyuma ya skuli, akawapelekea mahamri walimu bila kuukaribia mlingoti, na watu wa ofisi wakawa wanakunywa chai kavu. Wengine wakamfuata. Wazir alikwenda msikitini kwa kupitia uwani kwa jirani. Baada ya wiki mbili hapakuwa na yeyote katika wale kumi na mmoja aliyepita mbele ya ofisi, na bendera haikufunguka hata mara moja. Kamaludin alituma salamu, Kulthum akarudisha kuwa mchangani kuna ubaridi. Akaja mwenyewe. Akakuta mlango wa uwani umerudishwa. Kulthum alisikia nyayo zake, akavuta mtandio kichwani.

"Karibu, Bwana Chifu," alisema kutoka ndani.

Kamaludin alivua kofia yake ya kazi nje ya mlango. Kisha akapiga hodi, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaambiwa angoje, akangoja, akaondoka kabla ya kufunguliwa.

Haikubadilisha kitu. Wakaguzi walikuwa wanakuja mwezi wa Agosti, na Kamaludin alimwamuru Bramwel ashushe bendera, apasue upindo wa juu, apitishe waya wa seng'enge, aushone tena. Bramwel alisema hajui kushona. Akaambiwa ajifunze. Alishona mchana kutwa, akajichoma mara nyingi. Bendera iliyotiwa waya ilisimama imenyooka kama kibao cha duka, haipepei wala hailali, na wakaguzi wakaandika kuwa hali yake ni nzuri.

Tarehe saba Septemba Kulthum alimwambia Lubna afunge nguo zake. Lubna alimwuliza kitambulisho kimepatikana wapi. Kulthum akasema hakijapatikana.

"Watatushusha ndiani, Mama."

"Watushushe. Tuwe tumekwenda."

Akatia ndani ya mkoba zile karatasi nne za kungojea, nakala ya kiapo cha chifu, cheti cha mtihani cha Lubna, na barua ya chuo. Bramwel aliwaletea barua nyingine, aliyoiandika kwa mkono wake, yenye nambari yake ya kazi, kwamba yeye askari wa serikali anawajua mama huyu na binti huyu, kwamba amewaona kila siku, na kwamba bendera imeshuhudia. Alikuwa amelifuta neno la mwisho akaliandika tena. Aliwasindikiza mpaka kwenye mashua, akawapakilia mizigo, akasimama majini na buti zake. Kulthum alimwambia atoke, zitaharibika. Alisema zimeshaharibika.

Walilala kwa jamaa Mokowe, na asubuhi ya tarehe nane wakapanda basi la Mombasa. Kulikuwa na joto la bara, lisilo na upepo, na vichaka pande zote vilikuwa vimetulia kama vimechorwa. Saa nne na nusu basi lilisimama kwenye kizuizi. Abiria wakaambiwa washuke, wapange mstari, kila mtu na kitambulisho mkononi. Lubna alishika barua ya chuo juu, ili ionekane kwanza.

Askari aliyekuwa akikagua alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani. Alisoma barua ya chuo. Akasoma kiapo. Akazitazama zile karatasi nne, moja baada ya nyingine, na ya kwanza ilikuwa ya zamani kuliko kazi yake. Akaisoma barua ya Bramwel mpaka mwisho.

"Huyu ana mwandiko mzuri," alisema. Akavikunja vyote sawasawa, akamrudishia Kulthum. "Lakini hamna vitambulisho."

"Ni kesho," alisema Lubna. "Ni kesho saa kumi."

Askari alisema anaona. Akamwashiria dereva, na utingo akashusha mzigo wao, na basi likafunga milango yake likaondoka. Walibaki wao wawili na wanaume watatu ambao hawakuwajua, mmoja wao mzee, wote wakiwa na karatasi mikononi. Vumbi lilipotulia, Kulthum alisikia kishindo juu ya kichwa chake.

Kituo kile kilikuwa na kibanda cha mabati, na mbele yake mlingoti wa bomba la maji. Bendera iliyokuwa juu yake ilikuwa ya zamani, imepauka, na pindo limekatikakatika. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Ilikuwa imefunguka upana wake wote, inapepea. Kulthum alimtazama yule askari.

"Ndiyo," alisema askari. "Hufanya hivyo. Kila basi." Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. "Jumatatu huwa mbaya zaidi, hushuka wengi. Imechanika kwa hilo. Tumeomba nyingine tangu mwaka jana."

Aliwaonyesha kivuli cha mti upande wa pili wa barabara, mahali pa kungojea basi la kurudi, ambalo lingepita alasiri. Yule mzee alikuwa amekwisha kutangulia, ilionekana anapajua. Lubna hakuondoka. Alisimama pale mbele ya mlingoti na barua mkononi, akitazama upande lilikokwenda basi, na bendera ikawa inapiga juu yake kwa nguvu. Kulthum alimshika mkono.

Ndani ya kibanda simu ya upepo ilianza kukoroma. Askari aliingia, akaiweka sikioni, akaziba sikio la pili kwa kiganja, akasema hasikii, rudia, hasikii. Akatoka hadi mlangoni.

"Mama," alisema, "mchukue msichana msogee kidogo. Ikipepea hivyo hatusikilizani."

Wakasogea.